Sukari ipo mpakani, naambiwa nipungue: nifunge, niache wanga au nipunguze sahani?

KaraniMizani (Mtwara)
Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni. Nina miaka 43, karani wa mizani kwenye ghala la korosho. Msimu mzima napima magunia ya watu, mwenyewe nilikuwa sijapanda mzani tangu sijui lini. Juzi nimepima: sukari ya asubuhi kabla ya kula 6.6, wiki iliyofuata 6.5, kile kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu asilimia 6.2. Uzito kilo 96, kiuno sentimita 108. Daktari kasema kisukari bado, ila mwili umeanza kuwa sugu kwa insulini, ile homoni ya kushusha sukari. "Punguza uzito," akaita mgonjwa mwingine.

Sasa kila mtu ana lake. Shemeji anafunga, anakula kuanzia saa saba mchana hadi saa moja usiku, basi. Jirani kaacha wanga kabisa, suruali zinamvuka. Mama watoto anasema chakula kilekile, sahani ipungue. Na kuna jamaa ananiganda na unga wa kukoroga, kopo elfu 85. Mliopita njia hizi nisaidieni.

BintiMikindani
Kaka, huo unga achana nao hata kabla hatujaanza.

Wanga niliacha miezi mitatu, nikatoka kilo 88 hadi 79. Wiki ya kwanza tu zilienda tatu, nikajiona bingwa, kumbe nyingi maji. Shida ikaja jikoni: nyumba nzima wanakula ugali wa muhogo, mimi nataka mayai na samaki kila mlo. Kupika mara mbili kila siku, na samaki akipanda bei ndo basi tena. Halafu nikaenda msibani Newala siku tatu. Msibani utamwambia nani huli wali? Niliporudi nikashindwa kuanza upya, nusu mwaka zikarudi kilo saba. Kilichobaki ni cha asubuhi: badala ya chai ya sukari na mihogo ya kukaanga, nakula mbaazi za kuchemsha na yai. Hicho sijaacha, mwaka wa pili huu.

MzeeWaRuangwa
Marahaba. Kufunga nakujua toka utotoni, kwa hiyo nilivyoambiwa nina sukari nikasema Ramadhani itanimalizia kazi. Nikaongezeka kilo mbili! Muhogo wa nazi, tambi, kaimati zimelowa shira, uji wa sukari, halafu daku wali. Saa zile za kufunga nilikuwa nazilipa zote magharibi.

Jingine, na hili shemeji yako alijue. Mimi natumia glibenklamaidi, vidonge vya kushusha sukari. Siku ya nane, saa kumi jioni, jasho jembamba likanitoka, mikono inatetemeka hadi nikashindwa kushika ufunguo wa mlango. Kupima, 3.1. Mjukuu akanikorogea sukari vijiko vitatu kwenye glasi, nikafungua papo hapo. Siku hizi dozi napangiwa upya kabla ya mwezi kuandama. Anayetumia hivyo vidonge au sindano ya insulini asijifungie kienyeji.

NesiMstaafu
Mwanangu karani, nieleze hiyo 6.6 inatoka wapi. Mafuta yakijaa kwenye ini, ini halimsikilizi tena insulini, usiku kucha linamwaga sukari kwenye damu wakati wewe umelala na hujala kitu. Ukipungua, mafuta ya ini huanza kuondoka mapema, hata kabla kitambi hakijaonekana kushuka. Kwa hiyo usikate tamaa kwa kuangalia mkanda.

Na hujaambiwa uwe na kilo 60. Marekani waliwafuatilia watu zaidi ya 3,000 waliokuwa mpakani kama wewe, matokeo yakatoka 2002. Waliolengeshwa kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki, idadi ya walioingia kwenye kisukari ilipungua kwa asilimia 58. Kwa waliopewa metformini, dawa ya sukari, ilipungua kwa asilimia 31. Asilimia 7 yako ni kilo saba kasoro kidogo. Metformini si adui, muulize daktari, ila usiimeze tumbo tupu, itakuendesha.

Kati ya kufunga na kuacha wanga, ukiangalia mwaka mzima tofauti huwa ndogo, maana zote zinafanya kazi moja ya kukupunguzia chakula. Mimi nipo na mkeo. Nusu ya sahani matembele au kisamvu, robo samaki au mbaazi, robo ugali. Anza na mboga na samaki, ugali umalizie, sukari haitaruka sana. Tui la kisamvu liwe jepesi, najua inauma.

FundiLindi
Mimi nina mashine ya kupimia nyumbani, nikafanya majaribio yangu. Wali kikombe kilekile, samaki yuleyule. Siku ya kukaa kwenye mkeka: 9.8 baada ya saa moja. Siku ya kutembea dakika 20 baada tu ya kula: 7.9. Ni mwili wangu, wako sijui, ila vijiti vyangu ndo vilisema hivyo. Lindi mjini mlima upo, sina haja ya jimu.

Swali kwa nesi: huyu yuko ghalani, korosho je?

NesiMstaafu
Korosho hazipandishi sukari haraka, ila gramu 100 ni zaidi ya kalori 550. Konzi moja kwa siku, na aziweke mbali na meza. Juisi ya mabibo ni sukari tupu. Uraka, pombe ya mabibo, asiulize.

KaraniMizani
Nimekuja na mrejesho, wiki ya tatu. Mama watoto kashinda, ugali nakatiwa yeye ndiye anayekata. Jioni natembea Shangani dakika 30, siku tano kwa wiki. Kufunga sikuweza, saa nne asubuhi tu nilikuwa nagombana na wapakiaji. Jana wote walipoondoka nikapanda mzani wa ghala: 93.8. Kumbe mmoja alikuwa nyuma ya magunia. Akaniuliza, "Mkuu, tukuandike daraja la kwanza au la pili?"