Mjukuu wa gramu 900 na fangasi wa damu

*Majirani Uyole*

Mama Tusa: Ndaga kwa maombi, majirani. Mjukuu leo siku ya 16, gramu 900. Wamesema ana fangasi. Niende na GV, ile dawa ya zambarau, nimpake mdomoni?

Mama Ipyana (nesi): Hapana mama, iache nyumbani. Fangasi wa wapi, mdomoni au kwenye damu? Njiti wengi wanao kwenye ngozi, mdomoni na tumboni bila kuumwa. Utando mweupe wa mdomoni una nistatini ya matone. Wa kwenye damu anaua, na dawa ya kupaka haimfikii.

Mama Tusa: Damu. Waliiotesha maabara.

Baba Lusajo (daktari): Pole sana mama. Dawa inayotumika sana ni amfoterisini ya mshipani, ile ya kawaida miligramu 1 kwa kilo kwa siku. Kwake ni 0.9. Inachanganywa na dekstrozi 5% (maji ya sukari), kamwe isiwe maji ya chumvi, itaganda vipunje. Inaingia polepole, saa kadhaa, na figo na potasiamu zinapimwa mara kwa mara. Damu itaoteshwa tena na tena. Siku 14 zinahesabiwa tangu damu irudi safi, siyo tangu dozi ya kwanza. Akichangamka siku ya tano msiombe ruhusa ya kutoka, tafadhali.

Mama Ipyana: Na mrija wa kitovuni wakiutoa msilalamike kwamba anachomwa upya. Fangasi hujijengea utando ndani ya mrija, dawa haipenyi. Wataangalia pia macho, figo kwa ultrasaundi, na maji ya uti wa mgongo.

Mama Tusa: Kaupata wapi? Mama yake msafi jamani.

Baba Lusajo: Mama hana kosa. Fangasi huyu anaitwa kandida, na ana aina nyingi. Mmoja huishi ukeni kwa wanawake wengi tu, mtoto hukutana naye akizaliwa. Mwingine husafiri kwenye mikono yetu wahudumu. Antibayotiki kali zikiua bakteria wazuri wa tumboni, fangasi anabaki na shamba peke yake. Na ngozi ya gramu 900 ukibandua plasta kwa haraka inatoka nayo. Hapo mlango umefunguka.

Mama Tusa: Na pacha wake, gramu 950?

Baba Lusajo: Uliza kama wodi inatoa flukonazo, dawa ya fangasi, kama kinga. Kwa walio chini ya gramu 1000 ni miligramu 3 hadi 6 kwa kilo, mara 2 kwa wiki, hadi wiki 6. Akianza kusahau kupumua, tumbo likivimba, sukari ikipanda au chembe sahani (zinazogandisha damu) zikishuka, damu ioteshwe siku hiyohiyo.

Mama Ipyana: Baridi hii ya Juni watu wanaingia wamevuta mikono ya sweta hadi vidoleni. Sweta livuliwe, pete na bangili zitoke, kucha fupi, sabuni hadi viwiko, kausha, halafu spiriti usugue mpaka ikauke yenyewe. Maziwa ya mama yaendelee kukamuliwa hata yakiwa mililita 1. Kesho njoo na khanga 2 safi za kangaruu (kumbeba mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi), zimepigwa pasi, na kofia.