Ushauri: Nataka kujenga nyumba ya wanasesere ya mbao, mtindo wa kisasa

Mkaazi wa Umoja
Habari zenu wadau. Binti yangu anafikisha miaka saba mwezi ujao na ombi lake ni moja tu, nyumba ya wanasesere. Hataki ile ya paa la mgongo na maua madirishani. Ameona kwenye simu ya shangazi yake nyumba ya paa bapa, madirisha mapana, ukuta mmoja mweupe na mwingine umeachwa na rangi ya mbao, sasa hataki kusikia lingine. Za dukani ni plastiki tupu na bei yake heri nilipe karo.

Nina msumeno wa mkono, kekee ya kuazima na meza ya jikoni. Naishi ghorofa ya tatu, kwa hivyo mashine za kupiga kelele usiku hapana. Nimechora orofa tatu, kila moja sentimita 25 kwenda juu. Nichukue plaiwudi au MDF, ile bodi ya unga wa mbao ulioshindiliwa? Unene gani? Na rangi je? Kuna mdogo wake wa mwaka mmoja na nusu ambaye kila kitu lazima kipite mdomoni.

Randa na Msasa
Ndugu, kabla ya mbao: wanasesere wenyewe wana urefu gani? Wale wadogo wa kipimo cha 1:12, yaani futi moja inakuwa inchi moja, mtu mzima ana kama sm 15 na watakaa humo raha mustarehe. Hicho ndicho kipimo kinachotumika sana. Hata nyumba ya wanasesere ya Malkia Mary kule Uingereza, iliyosanifiwa na Edwin Lutyens miaka ya 1920, ni 1:12. Lakini kama ni Barbie, huyo ana karibu sm 29. Kwenye dari ya 25 ataishi amepiga magoti.

Mkaazi wa Umoja
Ni Barbie. Wawili, na mmoja hana mguu.

Randa na Msasa
Basi sahau orofa tatu, zitakuzidi kimo na chumba kitajaa. Jenga mbili za sm 36. Plaiwudi ya mm 9 inatosha, na usinunue bodi nzima ya futi 8 kwa 4, nusu inakutosha kabisa. Ila sikiliza hapa: waambie waipasue kwa urefu, futi 8 kwa 2, si 4 kwa 4. Ukipewa ya 4 kwa 4 vipande havitakaa. Hiyo ndefu wakukatie mikanda miwili ya sm 30. Wa kwanza unatoa sakafu ya chini, sakafu ya juu na paa, vipande vitatu vya sm 80. Wa pili unatoa kuta mbili za kando za sm 75 na vipande viwili vya sm 36 vya kugawa vyumba, halafu kunabaki kama sm 20 za ngazi. Sakafu na paa vikae baina ya hizo kuta mbili za kando. Mgongoni piga plaiwudi ya mm 3, na mbele acha wazi, mtoto aingize mikono.

Duka la mbao lenye mashine ya kukata likufanyie hiyo mikato mirefu. Kwa msumeno wa mkono utapinda, na kipande kimoja kikipinda nyumba nzima inakaa kama imekunywa.

Fundi Mstaafu
Naunga mkono plaiwudi. MDF ni laini na inashika rangi vizuri, lakini ikinyonya maji kingoni inavimba, na vumbi lake si la kukatia kwenye meza mnayolia chakula. Usitie skrubu kwenye ukingo wa mm 9, itapasuka. Gundi nyeupe ya mbao na misumari myembamba ya inchi moja, basi. Kabla gundi haijakauka pima kona kwa kona, pande zote mbili. Vipimo vikilingana, nyumba iko sawa. Visipolingana, sukuma kona ile ndefu hadi vilingane.

Bibi Harusi 254
Si umpe tu seremala wa Gikomba amalize kwa siku moja??

Fundi Mstaafu
Dada, mtoto ameomba nyumba ya babake. Seremala atamtengenezea kabati.

Mama Pacha
Mimi nasemea huyo mdogo. Piga msasa namba 120, kisha 220, hasa kingo za madirisha, upitishe kidole hadi usisikie mwiba. Rangi iwe ya maji, na kwenye mkebe paandikwe haina risasi (lead, ile metali ya sumu). Usitumie iliyobaki kwa geti la landilodi. Samani ndogo: chochote kinachopita ndani ya kile kigogo cha karatasi ya choo kinaweza kumkaba mtoto wa umri huo, kiweke juu kabisa.

Na taa! Najua utashawishika. Zile zenye betri bapa kama kitufe usizilete nyumbani kwako. Mtoto akimeza moja inaweza kuanza kumchoma koo ndani ya saa mbili.

Waya Mwekundu
Mama Pacha amenena. Pita barabara ya Luthuli, Nairobi, ununue ukanda wa taa wa USB, volti 5, uuchomeke kwenye pawa benki. Ukate tu palipo na alama ya mkasi, la sivyo kipande kizima hakiwaki. Ubandike nyuma ya ukingo wa paa, mwanga uteremke ukutani. Huo ndio utaifanya ionekane ya kisasa kuliko rangi yoyote.

Mkaazi wa Umoja
Asanteni sana. Jumamosi naenda kukata. Na dirisha lile pana la nyuma, kioo nifanyeje?

Randa na Msasa
Kioo hapana. Waulize mafundi wa mabango mjini, huwa na vipande vya plastiki angavu wanavyotupa. Tundu lenyewe likate kwenye hiyo mm 3 kwa kisu cha blade na rula ya chuma, mara nyingi polepole, usilazimishe. Ngazi zigundishe ukutani upande mmoja tu, zitaonekana zinaning'inia. Huyo asiye na mguu mwekee chumba cha chini.