Mmetufundisha kusogeza kishale, mbona hamkutufundisha kukisimamisha?

Wakuu, heshima kwenu. Naandika nikiwa na hasira na sitaki kuificha.

Naweka hesabu za kikundi cha wauza dagaa hapa Mwaloni, Kirumba. Kila mzigo unaokopeshwa ni mstari mmoja kwenye faili: tarehe, jina, magunia, pesa. Mtu akilipa, mwanzoni mwa mstari wake naandika LIPWA. Mwisho wa wiki natunza nakala ya faili, kisha nafuta mistari yote ya LIPWA ili wabaki wadaiwa tu. Natumia Vim, programu ya kuandikia maandishi, kwa sababu kompyuta yetu ni kuukuu na Vim haiilemei.

Kituo kimoja cha mafunzo hapa mjini kikatuuzia kozi ya wiki mbili ya skripti, yaani kuandika amri ambazo kompyuta inazifuata yenyewe. Ada ilitoka kwenye mfuko wa kikundi, pesa ya kina mama wanaoamka saa kumi usiku. Nikatoka na hii:

for i in range(1, line('$'))
  call cursor(i, 1)
  if getline('.') =~ '^LIPWA'
    delete
  endif
endfor

Ukiisoma haina kasoro. Peleka kishale mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, mpaka wa mwisho; ukikuta LIPWA, futa. Mwalimu alisema itafanya kazi na nikamwamini.

Jumamosi nikachapisha orodha ya wadaiwa, nikaibandika kwenye mlango wa ghala. Mama mmoja akakuta jina lake pale, watu wamesimama wanasoma. Hakupiga kelele. Alinivuta pembeni, akafungua daftari lake lenye magamba ya dagaa katikati ya kurasa, akaweka kidole juu ya sahihi. "Mwanangu, huu si mkono wako?" Ulikuwa mkono wangu.

Usiku nikalifungua faili la zamani. Yeye na mdogo wake walilipa siku moja, mistari yao imefuatana: wa mdogo wake ni wa 4, wake ni wa 5. Skripti ilipofuta wa 4, wa 5 ukapanda kuwa wa 4. Lakini i, ile namba ya mstari wa kukaguliwa, imeshasonga, inakwenda 5, na hapo sasa umekaa uliokuwa wa 6. Mstari wa mama yule haukuguswa kabisa! Karibu kila mahali walipofuatana waliolipa wawili, mmoja alibaki mdaiwa. Na idadi ya mistari ilihesabiwa mara moja tu mwanzoni, kwa hiyo faili likishapungua, cursor(), amri ya kupeleka kishale, inapewa namba ambazo hazipo tena na inaangukia mstari wa mwisho kila mara.

Kosa hili la kufuta huku unashuka ni la zamani, kila anayefundisha kazi hii anapaswa kulijua. Dawa yake ni kuanzia chini kwenda juu, range(line('$'), 1, -1), kwa sababu ukifuta chini, wa juu hawahami. Au uache lupu (amri zinazojirudia) kabisa, uandike :g/^LIPWA/d. Amri hiyo huitia alama kwanza mistari yote inayohusika, ndipo inarudi kufuta. Ilikuwepo tangu ed, edita aliyoiandika Ken Thompson mwaka 1969. Mtu anachukua ada yetu na hajawahi kuitaja!

Kingine kimeniuma zaidi. Walitupa pia hii ya kupita mstari kwa mstari:

while line('.') <= line('$')
  normal! j
endwhile

Kompyuta ikaganda. Nikampigia mwalimu, akanijibu kwamba mashine yangu ni nzito, niongeze ram (kumbukumbu ya kompyuta). Tukanunua ram, ikaganda vilevile. Kishale hakiwezi kuvuka mstari wa mwisho, kwa hiyo sharti lile ni kweli milele. Mtumbwi umeshagonga mchanga na wewe bado unapiga kasia. Kubonyeza Ctrl-C kungenitoa pale, sikuambiwa. Hata ukiweka < badala ya <=, lupu inasimama ikishafika mwisho, na kama kazi yako unaifanya kabla ya j, mstari wa mwisho unabaki bila kuguswa. Na search(), amri ya kutafuta, nayo isipopewa herufi 'W', ikifika chini inazunguka kurudi juu, inaanza upya. Haya yote yameandikwa kwenye :help ya Vim yenyewe, bila hata bando.

Orodha nimeibandua na mama nimemwomba radhi mbele ya wenzake, palepale mlangoni. Jumatatu naenda kituoni na daftari lake mkononi. Nataka pesa ya ram irudi kwenye mfuko wa kikundi, na nataka vijana wote wa darasa letu waitwe waonyeshwe kosa hili, maana wengine wanaweka hesabu za mialo ya Igombe na Ukerewe kwa skripti hiyohiyo.

Kama ulisoma nami, fungua faili lako leo, utafute LIPWA mbili zilizofuatana kwenye nakala ya zamani.