Toyota 86 kutoka Malindi, mara ya kwanza kiwanja cha mbio Nairobi: akiba yangu niitumie wapi?

Kijana wa Maweni:
Assalamu alaykum ndugu zangu. Ninaishi Malindi na ninamiliki Toyota 86 ya mwaka 2013, ya gia za mkono, ambayo nimeitumia kwa miaka mitatu kati ya hapa, Watamu na Mombasa bila tatizo kubwa. Mwezi ujao nimealikwa kwenye siku ya wazi katika kiwanja cha mbio cha lami huko Nairobi, ambapo kila mwenye gari huingia kwa zamu na kuzunguka kwa dakika 15 bila kushindana na mtu. Kiwanja chenyewe sijawahi kukiona, wala sijawahi kulikimbiza gari hili kwa nguvu zake zote, kwa kuwa barabara zetu zina matuta, mbuzi na tuktuk.

Nilikuwa nimeweka akiba ya kununua ekzosi na kurekebisha kompyuta ya injini, lakini fundi wangu ameniambia nisubiri. Gari hulala nje, si mbali na ufuo. Nitaliendesha lenyewe mpaka Nairobi, takriban kilomita 600, na nitarudi nalo, hivyo sina budi kulirudisha likiwa zima. Naomba mwongozo.

Fundi wa Kisumu Ndogo:
Wa alaykumu salaam, mwanangu. Fundi wako amekushauri vyema, msikilize. Gari hilo lina nguvu za kukutosha kwa mwaka mzima wa kujifunza, na kitu utakachokihitaji kiwanjani kabla ya kingine chochote ni uhakika wa kusimama.

Anza na mafuta ya breki. Mafuta haya hunyonya unyevu uliomo hewani, na hewa ya pwani yetu haikauki mwaka mzima. Yale ya daraja la DOT 4, yakiwa mapya, hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 230, lakini yakishanyonya maji kiwango hicho kinaweza kushuka hadi nyuzi 155. Ukienda sokoni na kurudi hutaona tofauti, kwa sababu breki hazifikii joto hilo. Kiwanjani utakanyaga kwa nguvu kona baada ya kona, maji yatageuka mvuke ndani ya mabomba, na kwa kuwa mvuke hubonyea ilhali mafuta hayabonyei, pedali itazama na gari litaendelea na safari yake.

Jambo hilo lilinipata nilipoingia kiwanjani kwa mara ya kwanza. Mizunguko mitatu pedali ilikuwa ngumu kama jiwe. Wa nne, mwishoni mwa sehemu iliyonyooka, niliikanyaga ikateremka mpaka sakafuni. Nilinusurika kwa kuipiga haraka mara tatu, kushusha gia, na kwa kuwa mbele yangu palikuwa na nyasi pana. Jioni nilipofungua kikopo cha mafuta ya breki, mafuta yalikuwa na rangi ya chai ya mkandaa iliyosahaulika jikoni.

Kwa hiyo mwaga yote, na utie DOT 4 bora au DOT 5.1 kutoka chupa iliyofunguliwa mbele ya macho yako. Ukiuziwa DOT 5 ikatae, kwani hiyo ni ya silikoni na haichanganyiki na hizo nyingine. Katika gari lako klachi hutumia kikopo kimoja na breki, hivyo nayo itolewe upepo, yaani hewa iliyonaswa ndani ya mabomba, siku hiyohiyo.

Kisha kuna chumvi. Mwambie fundi achomoe pini ambazo kalipa, kile kibano kinachobana pedi kwenye diski, huteleza juu yake, moja baada ya nyingine, azisafishe na kuzipaka grisi ya breki. Pini ikishika kutu kalipa haitelezi tena, na pedi ya ndani huliwa mpaka chuma huku ya nje ikiwa bado nene; ukichungulia kwa nje utadhani mambo ni mazuri. Mtu wa bara hukutana na tatizo hili mara chache kuliko sisi.

Kuhusu tairi, soma tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT ubavuni (hii si ile DOT ya mafuta ya breki): 1918 ni wiki ya 19 ya mwaka 2018. Tairi iliyoanikwa juani miaka mingi huwa ngumu hata kama meno yake ni marefu, kwa hiyo usidanganywe na meno. Oili ya injini ibadilishe na uijaze hadi alama ya juu kabisa, maana katika kona ndefu huegemea upande mmoja.

Mwana wa Amu aliye Nairobi:
Naongeza jambo moja ambalo sisi tuliotoka usawa wa bahari hulisahau. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu, na hewa ya huku ni nyepesi. Injini yako haina tabo ya kuisukumia hewa, hivyo itapoteza karibu sehemu moja kwa sita ya nguvu zake. Usiende kumlaumu fundi, na wala usibadilishe chochote, kwani zitarudi ukishuka Voi.

Upepo wa tairi ndio unaotatanisha. Kipimo hupima tofauti kati ya hewa ya ndani na ya nje, na kwa kuwa ya nje imepungua, tairi uliyoijaza Malindi itasoma zaidi ya psi (kizio cha upepo wa tairi) mbili na nusu juu. Wakati huohuo baridi ya alfajiri ya Nairobi huipunguza, karibu psi moja kwa kila nyuzi sita. Ukiondoka Malindi kwenye nyuzi 30 ukaamka Nairobi kwenye nyuzi 14, mambo haya mawili yanakaribia kufutana, na kipimo kinaweza kukuonyesha psi 35 zilezile ulizoondoka nazo. Mimi huanza na psi 31 tairi zikiwa baridi, nazunguka mara nne, nashuka na kupima papo hapo; zikipita 36 nazipunguza. Jioni, kabla ya kushika barabara ya Mombasa, nazijaza tena. Nunua kipimo chako mwenyewe, kwani vya vituo vya mafuta hutofautiana.

Mfuniko wa rejeta nao utazame mpira wake. Huku juu maji huchemka kabla ya nyuzi 95, na kinachoyazuia yasichemke ni presha inayoshikiliwa na mfuniko huo.

Binti Ngomeni:
Kaka, gari limeshazungumziwa vya kutosha, sasa kiwanja. Fika mapema na uombe kukizunguka kwa miguu kabla magari hayajaingia. Ukiwa ndani ya gari hutaona kwamba lami inainama upande, kwamba kuna kiraka cha mchanga penye kona, au kwamba kona fulani inazidi kujikunja pale ulipodhani imekwisha. Hiyo ya mwisho ndiyo huwatoa wageni nje. Kisha mwombe mwenyeji akae kando yako katika zamu ya kwanza.

Mizunguko mitano ya mwanzo endesha kwa gia moja juu ya ile unayoitaka, na utafute alama zisizohama za kuanzia kukanyaga breki, kama vile kibao au mwisho wa uzio. Mimi niliwahi kuchagua kivuli cha mti, nacho kufikia saa sita kilikuwa kimesogea.

Bendera zijue kabla hujaingia. Njano ni hatari na hupiti mtu, buluu inakuambia nyuma kuna mwenye kasi zaidi, nyekundu zamu imesimamishwa, na nyeusi unaitwa wewe. Toa mazulia, jeki na kila kinachoweza kuviringika mpaka miguuni pako. Uliza pia kampuni yako ya bima, kwani bima nyingi haziingii kiwanjani.

Kijana wa Maweni:
Nawashukuru sana. Leo tumefungua magurudumu. Pini ya nyuma kushoto ilitoka kwa nyundo, na pedi ya ndani imebaki milimita mbili ilhali ya nje ina saba. Je, nibadilishe sasa, au niende na pedi mpya nizifunge hukohuko?

Fundi wa Kisumu Ndogo:
Badilisha sasa, tena pande zote mbili za nyuma. Pedi mpya haishiki sawasawa mpaka izoeane na diski, na kiwanjani si mahali pa kuzizoesha. Toka alfajiri kwenye barabara ya Garsen kungali tupu, punguza mwendo kutoka 80 hadi 20 mara kumi bila kusimama kabisa, kisha endesha taratibu dakika kumi zipoe. Nati za magurudumu zikaze kwa spana yenye kipimo, uzikaze tena Nairobi kabla ya zamu ya kwanza. Na kila ukikaribia kutoka kiwanjani, zunguka mara moja polepole, kisha uegeshe kwa gia, na usivute breki ya mkono mpaka diski zipoe.