Kupima mtetemo wa mnara: nyundo au upepo wa ziwani?

Kijana_Isamilo: Wakuu, wiki ijayo napima mtetemo wa mnara hapa Mwanza, nijue masafa yake ya asili (unayumba wenyewe mara ngapi kwa sekunde) na mtetemo unavyofifia. Pesa inatosha njia moja: kukodi nyundo yenye sensa ya nguvu, au kufunga sensa mnarani upepo utikise wenyewe. Ipi?

Fundi_Busisi: Urefu? Una nyaya za kuushikilia? Mbona hujasema kitu!

Kijana_Isamilo: Samahani mkuu. Mita 60, una nyaya, uko juu ya mawe.

Bi_Nyegezi: Nyundo achana nayo. Kitu kirefu hivyo hutetemeka polepole, na pigo la nyundo huko chini halina nguvu. Upepo wa mchana kutoka ziwani unatosha. Rekodi saa nzima, si dakika tano.

Mzee_Mkolani: Sikubali. Ukipiga, unajua nguvu uliyoingiza. Upepo haukuambii. Tena unatikisa nyaya, utaona kwenye grafu vilele vya nyaya udhani ni vya mnara.

Bi_Nyegezi: Kwa nyaya uko sahihi, mzee. Ila kilichonitesa mimi ni kingine. Tulipima mnara mmoja, sampuli 20 kwa sekunde, yaani sensa inasomwa mara 20, bila kichujio cha kuzuia mitetemo ya kasi. Kikatokea kilele hezi 5 (mara 5 kwa sekunde), chembamba kama sindano. Siku tatu tunabadilisha hesabu za chuma cha mnara, hazilingani na kilele hicho. Siku ya nne mlinzi akazima jenereta ili aongeze mafuta, kilele kikapotea hapo hapo kwenye skrini. Jenereta ya mizunguko 1500 kwa dakika ni hezi 25. Sampuli 20 ni chache mno kuifuata, hivyo inajikunja na kuonekana hezi 5 (25 toa 20). Nililia. Weka kichujio kabla ya kurekodi, baadaye hakisaidii.

Dereva_Sengerema: Na daraja la Kigongo–Busisi, lile la juu ya ziwa? Nikisimama na lori nasikia linacheza. Ni salama?

Fundi_Busisi: Kucheza si ubovu. Kilomita 3 za daraja lazima zicheze. Lile la waenda kwa miguu London, 2000, lilifungwa siku mbili baada ya kufunguliwa, likawekewa vifaa vya kufyonza mtetemo. Halikuvunjika.

Dereva_Sengerema: Bado naona kivuko kilikuwa kimetulia zaidi.

Fundi_Busisi: Kivuko na foleni ile? Hapana ndugu yangu.

Mzee_Mkolani: Turudi mnarani. Sensa unaweka wapi, kijana? Moja tu katikati, kuna umbo la mtetemo ambalo hapo halisogei kabisa, hutaliona.

Kijana_Isamilo: Nina sensa mbili tu. Na jenereta ipo, imefungwa kwenye zege lile lile la mnara.