Mrejesho: Houston hadi New Orleans na rafiki yangu
Wadau, niliwauliza twende kwa gari au ndege, mkasema gari. Hamkukosea. Ni kama kilomita 560 kwa barabara ya I-10, na lile daraja la Atchafalaya, kilomita 29 juu ya kinamasi, lilimnyamazisha mwenzangu kwa mara ya kwanza tangu tutoke.

Mji una vituko! Wafu wamelazwa juu ya ardhi, kwenye vijumba vya matofali. Kwenye mgahawa wa Café du Monde tukala beignet: andazi la pembe nne tu, ila sukari ya unga wameimwaga kama poda ya mtoto. Nami nilivaa shati jeusi. Mwenzangu akacheka mdomo umejaa, sukari yote ikanirukia.

Pancha moja tu, mjini Lafayette, wakati wa kurudi.