Ati vumbi la Dodoma tulizaliwa tukalikuta!

Wakuu, nimetoka sasa hivi kwenye kikao cha kutoa maoni kuhusu ule mtambo wa kusaga kokoto unaotaka kupanuliwa huku kwetu. Mikono inatetemeka. Yule bwana wa meza kuu mnamjua, sina haja ya kumtaja.

Bibi mmoja kasimama, kakunjua kitambaa alichofutia meza yake asubuhi. Unga mtupu, ungesonga ugali ukalisha mkoa mzima. Kasema kwa adabu, "Mwanangu, wajukuu wanakohoa usiku kucha, mwageni hata maji barabarani." Bwana kajibu kwenye maiki: "Bibi, vumbi la Dodoma mlizaliwa mkalikuta." Meza kuu yote ikacheka!

MLIZALIWA MKALIKUTA! Na mtambo nao tuliukuta? Upepo wa Agosti tunaujua, lakini upepo hausagi mawe!

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 4, inampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Kanuni za viwango vya ubora wa hewa zipo tangu 2007. Yeye anamwambia bibi wa watu alizaliwa akalikuta! Na mahudhurio tulisainishwa mlangoni kabla hatujafungua mdomo. Mtasoma kwenye ripoti "wananchi wameshirikishwa".

Hata chakula hakipiti. Mlizaliwa mkalikuta!

Mgogo Halisi: Huyo huyo ndiye aliyetuambia tufunge madirisha. Na joto lile la Oktoba!

Mzee wa Nkuhungu: Wewe pale ulisema nini? Au ulibana, umekuja kufokea huku?

Mleta uzi: Nilinyoosha mkono mpaka ukafa ganzi. Maiki ilikuwa inazunguka kwa watu wao tu.

Zege Halilali: Nyumba yako umejengea kokoto za Uingereza?

Mleta uzi: Nani kasema wafunge? Wamwage maji, wafunike malori. NA WAMWOMBE RADHI BIBI!

Dada wa Chang'ombe: Afadhali nyie mnaitwa vikaoni. Jirani yangu anachoma plastiki kila jioni, nguo naanua zinanuka moshi, nani kaniuliza maoni?

Fundi Ipagala: Moshi unapita dada. Mimi nina baa ukutani, spika zinalia mpaka saa kumi alfajiri.

Zege Halilali: Baa ipi hiyo? Kitimoto wanacho?

Fundi Ipagala: Wanacho, na ni kitamu, shida muziki.

Mzee wa Nkuhungu: Tupe ramani mkuu.